Jinsi Pointi za Simu Zinavyonunua Majani ya Chai Voi

Pointi za Bonga ni tuzo ambayo kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya humpa mteja kila anapotumia pesa kwenye laini yake. Mpango huo ulianza mwaka 2007, mwaka uleule huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ilipozinduliwa, na kanuni yake ni nyepesi: shilingi 10 za kupiga simu, kutuma ujumbe au kununua data huzaa pointi moja. Kwa miaka mingi pointi hizo zilirudi kulekule zilikotoka. Mteja alizigeuza kuwa dakika za kuongea, SMS au data, na aliyejikusanyia maelfu aliweza kuzibadilisha kwa simu mpya kwenye duka la kampuni. Zilikuwa tuzo za simu zilizonunua mambo ya simu. Siku hizi mkazi wa mji wa Voi anaweza kuzitumia kununua paketi ya majani ya chai dukani, kwa mwenye duka ambaye hajawahi kuketi na Safaricom kujadili habari ya tuzo.

Ili kuona ugumu wa kazi iliyofanyika hapo, inafaa kutazama kwanza jinsi tuzo ya mgahawa wa kahawa ilivyonunua chai kwingineko duniani. Starbucks ya Marekani ilianza kuuza kadi yake ya malipo mwaka 2001. Mtu aliweka dola ndani ya kadi, akajilipia kinywaji au akampa mwenzake kama zawadi. Baadaye kadi iliunganishwa na mpango wa nyota: kila ziara ilimpa mteja nyota moja, na mwenye daraja la juu aliyefikisha nyota 12 alipata kinywaji bila kulipa. Aliyeelewa hesabu hiyo aligundua kwamba kikombe cha chai, ambacho ni cha bei nafuu, kilileta nyota ileile iliyoletwa na kahawa ya maziwa ya bei ya juu. Wapo waliogawa oda moja mara mbili au tatu kwenye kaunta ili kila kikombe kihesabiwe kuwa ziara. Mwaka 2016 kampuni ilibadilisha kanuni, nyota zikaanza kufuata dola zilizotumika, na njia hiyo ya mkato ikafungwa.

Majani ya chai yenyewe yaliingia kwenye mpango huo kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2012 Starbucks iliinunua Teavana, kampuni iliyokuwa na mamia ya maduka ya chai, kwa dola milioni 620 hivi. Kuanzia hapo kadi iliyowekwa pesa kwenye mgahawa wa kahawa ikaweza kununua majani ya chai kwenye maduka ya Teavana. Ili jambo hilo dogo litokee, ilibidi kampuni moja iinunue nyingine. Mwaka 2017 Starbucks ilitangaza kuyafunga maduka yote 379 ya Teavana, na mwenye kadi akabaki na chai iliyouzwa ndani ya migahawa yenyewe. Kadi ya namna hiyo hufanya kazi ndani ya uzio wa mwenye kadi tu. Uzio ukipanuliwa, nguvu yake hupanuka. Ukisogezwa ndani, mteja hana la kusema.

Voi haukuwahi kuwa mji wa uzio wa aina hiyo. Ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita hapo, na barabara ya Mwatate na Taveta inachipuka hapohapo kuelekea mpaka wa Tanzania. Reli ya zamani ilifika mwishoni mwa karne ya 19, na stesheni ya reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017. Chai ya Kenya inayouzwa nje huipita Voi ikishuka kutoka nyanda za juu kwenda kwenye maghala ya Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Lakini chai inayonywewa Voi haiuzwi kwa kadi. Inauzwa kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, kwa kikombe, pamoja na mandazi au mahamri. Na majani yanauzwa kwenye maduka ya rejareja, mengine yakiwa katika paketi za robo na nusu kilo, mengine katika vipakiti vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba juu ya kaunta, kimoja kikitosha birika la asubuhi. Mpango wowote wa tuzo unaotaka kufika kwa mnywaji huyo sharti ufike kwenye kaunta hiyo yenye kamba.

Msingi uliowezesha hilo uliwekwa bila pointi kuwa akilini mwa mtu yeyote dukani. Mwaka 2013 Safaricom ilianzisha Lipa na M-Pesa, na wafanyabiashara wakapewa nambari ya tili: tarakimu chache zilizochapishwa kwenye kibandiko cha kijani na kubandikwa ukutani au kwenye kioo cha kabati. Mteja anaiandika nambari hiyo kwenye simu, anaandika kiasi, anaweka nambari ya siri, na mwenye duka anapokea ujumbe kwamba pesa zimeingia. Ni njia ya malipo inayojali kiasi tu. Haiulizi kilichonunuliwa ni chai, sabuni au msumari.

Hatua ya pili ndiyo iliyobadilisha maana ya pointi. Badala ya kutafuta maduka yatakayokubali pointi, na kuyafundisha, na kuyalipa kwa hesabu tofauti, kampuni iliruhusu pointi zigeuzwe shilingi ndani ya mtambo wake na kulipwa moja kwa moja kwenye tili. Mwaka 2020, wakati janga la Korona lilipobana mifuko ya watu, njia hiyo ilitangazwa kwa nguvu chini ya jina la Bonga for Good, na wateja wakahimizwa kulipia chakula na mahitaji ya nyumbani kwa pointi walizokuwa wamezisahau. Mteja hupiga *126#, huchagua kulipa kwa Bonga, huandika nambari ya tili na kiasi katika shilingi, kisha huthibitisha. Mtambo hupunguza pointi zake. Upande wa pili wa kaunta, mwenye duka huona shilingi.

Hapo ndipo palipo na werevu wa mpango mzima. Muuza duka hahitaji kujua kwamba Bonga ipo. Hana kadi ya kugonga muhuri, hana mashine ya kusoma, hana daftari la kujaza pointi za wateja, wala hasubiri mwisho wa mwezi kurudishiwa gharama. Kadi ya mgahawa humtaka muuzaji awe mwanachama wa mpango. Pointi iliyogeuzwa shilingi kabla ya kufika kaunta haimtaki chochote zaidi ya alichonacho tayari. Kwa mji ambao biashara yake ya chai imo mikononi mwa watu wengi wadogo, tofauti hiyo ni kubwa kuliko thamani ya pointi yenyewe.

Na thamani yenyewe ni ndogo. Kwa kiwango cha senti 20 kwa pointi moja, pointi 100 ni shilingi 20. Kwa kuwa pointi moja hupatikana kwa shilingi 10, mteja anarudishiwa senti 20 kwa kila shilingi 10 alizotumia, yaani asilimia 2. Tuseme kipakiti cha majani ni shilingi 10: kinahitaji pointi 50, ambazo zimetokana na shilingi 500 za kredo. Tuseme paketi kubwa ni shilingi 150: inahitaji pointi 750, na nyuma yake zimo shilingi 7,500 zilizoongewa na kuvinjari. Mtu anayenunua kredo ya shilingi 20 kila siku hutumia shilingi 600 kwa mwezi wa siku 30, na mwezi huo humpa pointi 60. Zinatosha kipakiti kimoja cha shilingi 10, na pointi 10 zinabaki. Kufika kwenye paketi ya shilingi 150 kutamchukua mwaka mmoja na zaidi.

Hesabu hiyo inastahili kusemwa waziwazi, kwa sababu neno «bure» hutumika sana pointi zinapotajwa. Chai ya pointi imelipiwa, ila imelipiwa polepole na kabla ya wakati. Hata vitabu vya hesabu vinakubali hivyo. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, kwanza kupitia tafsiri iliyoanza kutumika mwaka 2008 na baadaye kupitia kiwango cha IFRS 15 kilichoanza mwaka 2018, vinaitaka kampuni inayotoa pointi isihesabu shilingi zote za mteja kuwa mapato mara moja. Sehemu inayolingana na thamani ya pointi huahirishwa na kuandikwa kama wajibu, mpaka pointi zitumike au uwezekano wa kutumika uishe. Kwa hiyo mkazi wa Voi mwenye pointi 750 anaidai kampuni kitu fulani, na deni hilo limo kwenye mizania, likiwa limechanganyika na la mamilioni ya wengine.

Deni linalokaa sana huwa na hadithi yake. Oktoba 2022 Safaricom ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2023 pointi zilizokaa kwa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa. Tangazo hilo liliwafanya wengi wapige *126# kwa mara ya kwanza baada ya miaka, wakikuta maelfu ya pointi zisizo na kazi. Mwenye kadi ya zawadi ya duka kubwa la mnyororo hukabili hatari nyingine mbaya zaidi: duka lenyewe kutoweka. Nakumatt, iliyokuwa mnyororo mkubwa kuliko yote nchini, ilikuwa na kadi yake ya pointi. Wadai walipopiga kura ya kuifunga mwezi Januari 2020, pointi zilizobaki kwenye kadi hizo hazikuwa na rafu ya kwenda kuzitumia. Pointi inayolipwa kwenye tili haitegemei duka moja. Duka la majani likifungwa, la jirani lina kibandiko chake.

Njia hii ina vikwazo vyake. Cha kwanza ni tili. Mama anayeuza chai ya tangawizi kwenye thermosi kando ya stendi mara nyingi hupokea pesa kwenye nambari yake ya kawaida ya simu, na pointi zinazolipwa kwa tili hazimfikii. Mteja wake anaweza kugeuza pointi kuwa kredo, lakini kredo haigeuki kuwa kikombe. Kwa hiyo pointi hununua majani dukani vizuri zaidi kuliko zinavyonunua chai iliyokwisha kuchemshwa, jambo linalosikitisha kidogo, kwa maana wanywaji wengi wa Voi ni wasafiri na madereva wanaotaka kikombe sasa hivi.

Cha pili ni mpaka. Taveta ni mji wa soko, na siku za soko wafanyabiashara huvuka kutoka Holili upande wa Tanzania na kurudi. Laini ya Tanzania haizai Bonga hata ikitumika Kenya kutwa nzima, na pointi za Kenya hazilipi ng'ambo ya mpaka. Mtu anayegawa kredo yake kati ya laini mbili hukusanya pointi kwa mguu mmoja.

Kipimo kizuri cha mpango huu ni tuzo ambazo wauza chai walikuwa wakitoa tangu zamani bila mtambo wowote. Ya kwanza ni nyongeza. Mteja wa kila siku anamaliza kikombe, na birika linarudi juu yake kumwongezea kidogo. Kikombe kikiwa cha shilingi 20 na nyongeza ikiwa robo yake, mteja amepata thamani ya shilingi 5 kwa shilingi 20, ambayo ni asilimia 25, papo hapo, bila nambari ya siri na bila tarehe ya mwisho. Ya pili ni daftari. Mwenye duka humwandikia mteja anayemjua paketi ya majani leo, alipe mshahara ukitoka. Bonga humtaka mteja alipe kwanza ndipo apewe. Daftari humpa kwanza, kwa sababu ya kujuana. Kwa asilimia, Bonga haifikii nyongeza. Ubora wake ni kwamba inasafiri: nyongeza ya hoteli ya Voi haikubaliki Wundanyi, na daftari la Mwatate halisomeki Taveta, ilhali pointi zinalipa popote palipo na kibandiko.

Sifa hiyo ya kusafiri ndiyo inayozifanya pointi zikaribie kadi ya zawadi zaidi ya kitu kingine chochote mkononi mwa mtu wa kawaida. Mteja wa Safaricom anaweza kumhamishia mteja mwenzake pointi zake. Salio dogo, ambalo likiwa peke yake hununua kipakiti na kuacha masalia, hupata uzito likikusanywa. Watoto watatu walioko kazini Mombasa na Nairobi, kila mmoja akiwa na pointi 300, wanaweza kuzituma kwa mama yao aliye Voi. Zikijumlishwa ni pointi 900, sawa na shilingi 180. Kwa bei ya mfano wa juu, mama ananunua paketi ya shilingi 150 kwenye duka la karibu, na shilingi 30 zinazobaki zinatosha vipakiti vitatu vya kumpa jirani.