Muziki wa Nyuzi wa Milima ya Appalachia

Mtu asikiapo mara ya kwanza muziki wa kale wa nyuzi upigwao katika milima ya Appalachia, huko Marekani, huuhukumu upesi. Husema ni wimbo mmoja tu uliorudiwa mpaka ukachosha. Nasi tulisema vivyo hivyo, maana tumezoea kwaya, ambamo ubeti hufuata ubeti na mwisho wake wajulikana tangu mwanzo. Sasa twaona ya kuwa tulihukumu kwa kusikiliza tu, ilhali muziki huo haukufanywa kwa ajili ya wasikilizaji, bali kwa wale walioketi kuupiga.

Desturi yenyewe ni hii. Watu huketi duara barazani, ukumbini au chini ya mti, mwenye fidla karibu na mwenye banjo, gitaa na besi zikishika mwendo. Mmoja huanza, wengine huingia. Wimbo una sehemu mbili, na kila sehemu hupigwa mara mbili, kisha hurudiwa wote tangu mwanzo, mara kumi au ishirini, hata aliyeuanza ainue mguu kuwa ishara ya kumaliza. Hakuna atokaye mbele kuonyesha ufundi wake peke yake. Hapo ndipo utofautianapo na ule uitwao bluegrass, uliopata umbo lake miaka ya 1940 kwa Bill Monroe na wenzake, ambamo kila mpigaji hupewa zamu ya kusikika.

Basi kule kurudia ndiko kumkaribishako mgeni. Asiyeujua wimbo huketi nyuma ya duara, husikiliza mara tatu nne, hugusa nyuzi polepole, na ikifika mara ya kumi ameushika, pasipo kitabu wala sol-fa. Mwalimu aliyepata kufundisha sauti nne kwa ubao na fimbo atajua thamani ya jambo hilo. Tommy Jarrell wa Toast, North Carolina (1901–1985), aliyeendesha mtambo wa kusawazisha barabara miaka mingi, alipostaafu aliwafungulia nyumba yake vijana wageni kutoka mbali, wakala kwake, wakalala kwake, wakajifunza kwa kumtazama mikono.

Lakini ukarimu huo una adabu zake, na wenyeji aghalabu hawazitaji. Mgeni akipiga kwa nguvu kumshinda kiongozi, au akitaka Doh ihamishwe (maana banjo na fidla hukazwa nyuzi upya Doh ihamapo, kwa hiyo hukaa mahali pamoja hata saa nzima), atatazamwa tu. Twalihesabu hilo kuwa kasoro. Sheria isiyosemwa humnasa mgeni peke yake.

Tena iko kasoro kubwa kuliko hiyo. Banjo halikuzaliwa milimani. Watu wa Afrika ya Magharibi waliotekwa na kuvushwa bahari walikuwa na ujuzi wa kuwamba ngozi juu ya kibuyu na kutia mpini na nyuzi. Akonting ya Wajola wa Senegambia ni jamaa yake wa karibu. (Tusijidai sisi wa pwani hii, zeze letu ni ukoo mwingine.) Miaka ya 1830 na 1840 wazungu waliojipaka masizi usoni walilipiga jukwaani kwa kuwadhihaki weusi, na hivyo likaenea. Cecil Sharp alipozunguka milimani miaka ya 1916 hadi 1918 akiandika nyimbo, alitafuta zile za asili ya Kiingereza, akawapita weusi karibu wote. Nazo kampuni za sahani za santuri, baada ya fidla ya John Carson kunaswa huko Atlanta mwaka 1923, zilitenga orodha mbili: fidla ikawekwa upande wa wazungu, na blues upande wa weusi. Mweusi mwenye fidla akakosa orodha. Wahubiri wa milimani nao wengi waliiita fidla sanduku la shetani. Wenzetu waliopata kukataza ngoma wasiwacheke.

Kwa hiyo, mtu akituambia ya kuwa duara la leo li wazi kwa wote, twamsadiki, ila twauliza mbona wengi walioketi humo ni wazungu.

Joe Thompson, mweusi wa karibu na Mebane, North Carolina, aliyezaliwa mwaka 1918, alipiga fidla pamoja na Odell, binamu yake mwenye banjo, katika ngoma zilizofuata kazi ya kumenya mahindi. Mwaka 2005 vijana watatu weusi, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, walianza kumwendea nyumbani. Yeye alikuwa amepita miaka themanini na kupatwa na kiharusi. Waliketi naye goti kwa goti. Hakuwaandikia kitu, alipiga, akarudia, akarudia tena, hata wakaingia.