Mtaalamu, Kada na Mvuvi: Funzo la Ziwa Tanganyika

Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Nyuma yake imesimama milima, mbele yake ni ziwa, na ardhi ya kulima ni kidogo. Dagaa huko si kitoweo tu: ndiyo ada ya shule, ndiyo sabuni, ndiyo dawa. Tarehe 15 Mei, 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua.

Hatukusudii kujadili kama agizo hilo lilistahili kutiiwa. Tunataka kujadili jambo ambalo makada wengi hulipita haraka: ushauri wa sayansi huifikiaje Serikali, na ukishakuwa uamuzi humfikiaje mvuvi?

Kuhusu wataalamu tumezoea makosa mawili. La kwanza ni kuwadharau, kana kwamba ari ya kisiasa yaweza kuchukua nafasi ya vipimo. La pili ni kuwaabudu, kana kwamba neno la mtaalamu halihojiwi. Makosa haya yanaonekana kupingana, lakini yana mzizi mmoja: kukwepa kazi ya kufikiri. Anayedharau hasomi ripoti. Anayeabudu husoma ukurasa wa mapendekezo tu.

Tuangalie sayansi yenyewe inasema nini. Wataalamu wa uvuvi husema kwamba zana haribifu, hasa makokoro yanayokokotwa ufukweni ambako samaki wachanga hukulia, humaliza mbegu ya kesho. Hilo ni kweli, na wavuvi wenyewe wanalijua. Lakini mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba nyingi imelala chini. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio unaosaidia kuipandisha juu, ikalisha mimea midogo ya majini, ambayo huliwa na vijidudu, navyo vikaliwa na dagaa. Maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula kinapungua. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliochimbua tope la sakafu ya ziwa, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara wa karne ya 20 haujaanza.

Je, basi kupumzisha ziwa ni kosa? Hapana. Ghala likipungua, anayechota lazima apunguze kuchota. Joto linaongeza haja ya nidhamu, haliiondoi. Lakini hoja inabadilika. Kumwambia mvuvi wa Mwamgongo kwamba yeye peke yake ndiye aliyemaliza samaki ni kumsingizia. Sehemu kubwa ya joto la dunia la siku hizi imetoka katika viwanda vya nchi tajiri, si katika karabai ya mtumbwi wake. Ushauri unaotaja kosa la mnyonge na kunyamazia la mwenye nguvu si uongo, ila ni ukweli nusu. Na sera iliyojengwa juu ya ukweli nusu hutwisha mzigo bega moja.

Vyombo vya ushauri hatuvikosi. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi iliundwa mwaka 1980 na ina kituo Kigoma. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iwe mshauri mkuu wa Serikali katika mambo hayo. Popote ambapo ushauri unapanda kutoka maabara hadi wizarani, kisha unashuka kijijini kama tangazo, kasoro iko katika njia, si katika chombo. Mwongozo wa 1971 ulikwisha kuonya juu ya viongozi wenye majivuno kwa umma. Majivuno ya kitaalamu ni majivuno vilevile.

Kwa hiyo tunapendekeza kila ushauri upimwe kwa maswali matatu. Kwanza, mtaalamu ana hakika na nini, na anakisia nini? Pili, nani atalipa gharama: mwenye vyombo aliye na akiba, au baharia anayelipwa kwa mgawo wa usiku mmoja na mama anayeanika dagaa mchangani? Tatu, matokeo yatapimwaje, na nani atarudi kuyaeleza mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji?

Swali la tatu ndilo zito. Watu walioacha kuvua miezi mitatu wamefanya jaribio la kisayansi kwa matumbo yao. Wana haki ya kuonyeshwa hesabu: samaki wameongezeka au la, wamekua au la. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mvuvi amekilalia, na aliyoyaona ziwani kila usiku ni ushahidi unaostahili kuandikwa katika daftari la mtafiti.

Kada anayekwenda Mwamgongo na agizo mkononi ahakikishe kwanza kwamba anaweza kulieleza. Asipoweza, arudi akasome.