Fumbo Lisilo na Mji: Juu ya Kuwafundisha Watoto Mtihani wa Kufikiri kwa Maneno

Hapa Tanga pana desturi moja iliyoingia kimya kimya katika nyumba za wenye watoto, nami nataka kuipima hadharani, maana walimu tu washiriki wake. Mzazi humchukua mwanawe jioni kwa mwalimu, na kitabu mkononi. Kitabu chenyewe kimetoka Uingereza, nacho kimejaa maswali ya namna hii: neno lipi si la kundi lake, neno gani lina maana moja na hili, ikiwa herufi hizi zasomwa hivi, zile zitasomwaje, kitu hiki ni kwa kile kama kitu gani kilivyo kwa kingine. Mzazi husema, “Mwalimu, mtoto ana mtihani wa kuingia shule ya binafsi. Hesabu aijua, Kiingereza ajikokota, lakini hili la kufikiri kwa maneno limemshinda. Mfundishe.” Nasi twamfundisha, twalipwa, na mambo huendelea.

Si nia yangu kuzilaumu shule za binafsi kwa kuchagua wanafunzi. Nafasi zikiwa chache na watakao wakiwa wengi, uchaguzi hauna budi. Katika miaka ya 1890 Wadachi walipofungua shule yao hapa Tanga, na wamisionari wa Magila walipowapeleka vijana Kiungani, Unguja, wasome ualimu, kulikuwa na walioitwa na walioachwa. Wazee wetu nao waukumbuka mtihani wa darasa la nne, uliokuwa kama lango jembamba wakati wa Waingereza na miaka ya kwanza ya uhuru. Basi si uchaguzi ninaoupinga. Nauliza juu ya kipimo, na juu ya sisi tunaouza mazoezi ya kipimo hicho.

Kwanza tukitendee haki kipimo chenyewe, maana asili yake ilikuwa njema. Mnamo mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Alitaka kujua nani asaidiwe, wala hakutaka kujua nani afungiwe mlango. Kisha huko Uingereza, mnamo mwaka 1921, Godfrey Thomson alitunga mtihani kwa ajili ya jimbo la Northumberland, kwa sababu shule za vijijini hazikuwa zikipeleka watoto katika shule za juu, naye hakuamini kwamba vijiji vile havikuzaa watoto wenye akili. Kusudi lake lilikuwa kumpata mtoto wa maskini ambaye hakufundishwa vema, ili umaskini wa shule yake usimzuie. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944 mitihani ya namna hiyo ilienea Uingereza, na watoto wa miaka kumi na mmoja waligawanywa kwayo, hawa huku na hawa kule.

Tazameni sasa jinsi jambo lilivyogeuka. Kipimo kilichotungwa ili kimwone mtoto asiyefundishwa, leo chafundishwa kwa malipo. Mwenye fedha hununua saa za mwalimu, asiye nazo huingia chumbani mikono mitupu. Na karatasi, ambayo haina macho, huwahesabu wote wawili kana kwamba wametoka mahali pamoja.

Watetezi wa kipimo husema kwamba maswali haya hayapimi mafundisho, yapima akili yenyewe. Hilo silikubali, na ushahidi wangu u katika lugha yetu. Chukueni swali jepesi sana kwa mtoto wa Kiingereza: kiganja ni kwa mkono kama unyayo ulivyo kwa nini? Waingereza wana neno moja la kawaida kwa sehemu ya kushikia, na jingine kwa mkono toka begani. Wana neno la sehemu ya kukanyagia, na jingine kwa mguu mzima. Mswahili akitaja mkono ametaja wote, na akitaja mguu ametaja wote. Mtoto afikiriye kwa Kiswahili akilitafsiri swali lile moyoni, laweza kumjia hivi: mkono ni kwa mkono kama mguu ulivyo kwa nini? Swali limeyeyuka mikononi mwake, wala si kwa upungufu wa akili.

Au tuseme aulizwa siku: ikiwa leo ni Jumatatu, siku ya tatu baada ya kesho ni ipi? Hapo mtoto wa pwani ana mali yake, maana aliyefundishwa na bibi yake ana kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Lakini mwulizeni juu ya usiku wa Ijumaa. Kwa wazee wa pwani siku huanza jua lichwapo, na usiku wa Ijumaa ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Kwa mtunga mtihani ni ule uufuatao. Tena mpeni maneno manne, mtu, mti, mto na mlima, mwambieni atoe lisilo la kundi. Atatoa mtu, naye aweza kuwa amefuata uhai na mwendo, au amefuata ngeli, kwa kuwa twasema mtu huyu bali mti huu, mto huu, mlima huu. Jawabu ni moja, njia ni mbili, na karatasi haiulizi njia.

Jambo hili wataalamu wamelikuta mahali pengine pia. Mnamo miaka 1931 na 1932 Mrusi mmoja, Aleksandr Luria, alikwenda kwa wakulima wa Uzbekistani akawaonyesha nyundo, msumeno, shoka na gogo, awaulize kipi si cha kundi. Alitaka waseme gogo, kwa kuwa vile vitatu ni zana. Wengi wao walikataa kulitoa gogo: msumeno bila gogo utakata nini? Je, watu hao hawakuwa wakifikiri? Walifikiri kwa mpango wa kazi, na mwulizaji alitaka mpango wa majina. Mipango yote miwili ni akili, ila mmoja ndio uliokuwa na alama.

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe, maana si haki kuhukumu wengine nikijificha. Nilimfundisha mtoto mmoja, mwana wa mvuvi, ambaye mjomba wake alijitolea kumlipia. Nilimtungia swali kwa vitu vya kwao: ngalawa, mashua, dau, nanga, lipi si la kundi? Aliweka alama penye ngalawa. Nikamwambia amekosa, jawabu ni nanga, kwa kuwa vingine ni vyombo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, nanga imo chomboni. Chombo bila nanga hakilali. Lakini ngalawa ndiyo peke yake yenye matengo.” Nilimwambia asome tena kanuni, tukaendelea na swali la pili.

Baada ya miezi mitatu nilimpa swali lile lile kwa kumjaribu. Alitoa nanga kabla sijamaliza kusoma. Nikamwuliza, “Kwa nini?” Akajibu, “Ndilo jawabu walitakalo.” Mtoto yule alipata nafasi katika shule aliyoitaka, na mjomba wake alinishukuru sana. Walakini maneno yale hayajanitoka. Alikuja kwangu akiwa na sababu, nami nilimrudisha akiwa na jawabu. Nikitazama hesabu ya kazi yangu, siwezi kusema kwamba nilimwongezea. Labda nilimbadilishia tu, na sijui kama alipata kilicho bora.

Yuko atakayenijibu, “Mwalimu, kama wenzake wafundishwa, mimi nimwache wangu uchi?” Neno hili lina nguvu, nami silipuuzi. Tena nalikubali nusu yake, maana ushahidi walikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Philip Vernon wa London, bingwa wa mitihani hiyo, alieleza wazi kwamba mafundisho na mazoezi huzipandisha alama za watoto, jambo ambalo wengi walikuwa wakilikana. Lakini alieleza na la pili, ambalo wauza masomo hawalitaji: faida kubwa hupatikana katika saa chache za kwanza, mtoto akiisha kuzoea sura ya maswali na mbio za saa, baada ya hapo mazoezi mengi huongeza kidogo sana.

Na ushahidi ulio karibu zaidi watoka pwani yetu hii, upande wa Bagamoyo. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, Watanzania wakiwamo, waliwapa watoto wa shule za vijijini maswali ya kufikiri. Kisha watoto 358 walifundishwa njia za kuyajibu kwa muda usiofika saa moja, na wengine 100 hawakufundishwa. Halafu wote wakapimwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliofundishwa walipanda kuliko wenzao, na mpangilio wao ukabadilika: aliyekuwa nyuma hapo kwanza hakuwa lazima nyuma baadaye. Zaidi ya hayo, alama za baada ya somo zilionyesha uwezo wa mtoto kwa ukweli zaidi kuliko alama za kwanza. Yaani kipimo cha kwanza kilikuwa kimepima ugeni wa mtoto mbele ya karatasi, wala si akili yake.

Katika habari hizi mbili naona mpaka wa kazi yetu. Kumwondolea mtoto ugeni ni haki, tena ni wajibu. Kazi hiyo ni ya saa chache. Kumkalisha mwaka mzima akigeuza herufi na kuwinda maneno yaliyofichwa ndani ya maneno, huku hasomi kitabu wala haandiki barua, ni kumwibia utoto wake na kumwibia mzazi fedha zake. Mwalimu afanyaye hivyo anajua, au yampasa ajue, kwamba saa ya arobaini haifanyi kazi ya saa ya nne.

Liko na baya zaidi, nalo ni la mwalimu azuiaye darasani asubuhi kile akiuzacho jioni. Kama somo ni la lazima, wape wote. Kama si la lazima, usiwauzie wachache.

Tena nitazame desturi yetu wenyewe bila kujisifu. Babu zetu walipima akili kwa maneno kabla karatasi haijaja. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia mibani. Mtoto asemaye nanasi hushangiliwa. Lakini mleteni mtoto hodari wa London ambaye hajaona nanasi shambani, likikaa katikati ya majani yake yenye miiba. Hatajua, wala hatutasema ni mjinga. Kwa hiyo kitendawili nacho hupendelea wenyeji, kama mtihani ule unavyopendelea wenyeji wa kwao. Kila fumbo lina kwao.

Tofauti iko katika mwisho wake. Kwetu mtoto akishindwa huambiwa, “Nipe mji.” Naye hutoa mji, Pangani au Unguja, na mwenye kutega akiisha kuupokea humfunulia jawabu. Aliyeshindwa huondoka na kicheko, tena na maarifa; kesho atawategea wengine lile lile lililomshinda. Mtihani huu haupokei mji. Ashindwaye hupelekewa barua fupi kwamba nafasi hakuna, asijue alipokosea wala sababu. Fumbo lisilo na mji halimfundishi mtu. Lafunga mlango tu.

Basi nitoe shauri, maana lawama peke yake haijengi. Kwa shule zitungazo mitihani hii: toeni karatasi ya mfano, pamoja na majibu na sababu zake, bure, kwa kila mtoto aombaye nafasi, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Jambo hili gharama yake ni ndogo, nalo litapunguza biashara ya mazoezi kuliko makatazo yote. Tena mpeni mtoto hata maswali mawili ambayo ataandika kwa nini amejibu hivyo, na mwalimu ayasome kwa macho yake. Huko Uingereza, jimbo la Buckinghamshire, waliubadili mtihani wao mwaka 2013 wakitumaini kuupata usiofundishika kwa fedha, na masomo ya malipo hayakukoma. Mtihani usiofundishika sioni kama utapatikana. Bora ufundishwe kwa wote.

Kwa wazazi: mwacheni mtoto asome vitabu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na jioni mtegeeni vitendawili. Shule zetu za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto avukaye kivuko hicho ahitaji maneno mengi kuliko ujanja mwingi. Hakuna hila ya kitabu cha mazoezi imshindayo mtoto aliyesoma.

Na kwa walimu wenzangu: mtoto akikosa, tumwulize kwa nini kabla ya kumwambia amekosa. Akiwa na sababu njema tumwambie, “Umefikiri vema, mtunga swali alitaka njia nyingine, nayo ni hii.” Hapo atashika njia mbili badala ya kuacha moja. Neno hilo laongeza dakika moja tu katika somo. Mimi sikulisema siku ile ya nanga na ngalawa, na mtoto amekwisha kwenda zake. Wenye watoto mbele yao leo wangali na nafasi ya kulisema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na akili ya mtoto, uipokeavyo ndivyo irudivyo kwako.