Moyo Uliopinduka: Kusoma Hosea, Sura ya 11

Mara nyingi tunasikia katika mahubiri kwamba Amosi ni nabii wa hukumu, naye Hosea ni nabii wa huruma. Mseminari anaandika hivyo katika daftari yake. Akiisha kuwa padri anamfundisha katekista, na katekista anawafundisha wakatekumeni. Wengine wanazidi: ati Mungu wa Agano la Kale ni wa hasira, wa Agano Jipya ni wa mapendo. Hayo ni mafundisho ya Marcion, aliyetengwa na Eklezya ya Roma mwaka 144, tuyaache. Lakini ule mgawanyo wa kwanza sherti uchunguzwe, maana Maandiko yenyewe yanaukataa, tena kwa neno moja.

Neno lile kwa Kiebrania ni hafak, maana yake kupindua. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 19, ndilo linalosemwa juu ya Sodoma na Gomora: Mungu aliipindua miji ile. Amosi analitumia mara kwa mara. Wakubwa wa Samaria wameipindua haki hata ikawa sumu (6,12, taz. 5,7). Mungu naye amekwisha kuwapindua wengine kati yao kama Sodoma (4,11), na sikukuu zao atazipindua ziwe kilio (8,10). Waliopindua wanapinduliwa. Si hasira ya mtu aliyeamka vibaya. Katika nchi ile maskini aliuzwa kwa bei ya viatu (2,6), na kwake yeye hukumu ya Mungu ilikuwa habari njema. Anayehubiri huruma upesi mno, akiziruka sura hizo, anawasamehe wauzaji bila kumwuliza aliyeuzwa.

Hosea alihubiri katika ufalme uleule wa kaskazini, nyuma kidogo ya Amosi. Katika sura ya 11 Mungu anasema kama mzazi: alimwita mwana wake kutoka Misri, alimfundisha kutembea, alimwinamia amlishe. Mwana akawafuata Mabaali. Basi upanga utazunguka katika miji yake. Halafu, kwa ghafula, Mungu anajiuliza atawezaje kumtendea Efraimu kama Adma na Seboimu. Miji hiyo miwili iliangamia pamoja na Sodoma (Kumbukumbu la Sheria, sura ya 29). Mwebrania aliyesikia majina hayo alingojea neno hafak, naye analipata kweli. Lakini kilichopinduka si mji: ni moyo wa Mungu. Pigo la Sodoma limeingia ndani yake mwenyewe. (Mwalimu wa teolojia atatukumbusha kwamba Mungu hageuki. Ni kweli, lakini tusimpokonye nabii mfano wake kabla hajamaliza kusema.)

Vulgata inaandika subvertere kwa Sodoma, na convertere kwa moyo wa Mungu. Msomaji wa Kilatini haoni tena kwamba ni neno moja. Sina ugomvi na Mtakatifu Yeronimo, maana kila mfasiri anapoteza kitu njiani. Hasara kubwa zaidi naiona katika Kitabu cha Masomo ya Misa. Sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yezu, mwaka B, tunasoma Hosea 11,1.3-4.8c-9. Upanga umerukwa. Mwanzo wa aya ya 8 umerukwa pia, pale penye majina ya Adma na Seboimu. Wakristu wanasikia moyo uliopinduka, hawasikii miji iliyopinduliwa, na hivi wanapokea huruma isiyogharimu kitu.

Mtu atauliza: je, Samaria haikuanguka? Ilianguka. Waashuru waliiteka karibu mwaka 722 mbele ya Kristu. Wala Hosea hakudanganya, maana hakuahidi kwamba vita haitakuja. Aliahidi kwamba Efraimu hatafutwa kama Adma, mahali pasipobaki mtu wa kurudi. Aya ya 11 inawaona wakirudi wakitetemeka, kama ndege kutoka Misri na kama njiwa kutoka Ashuru. Wanaotetemeka hivyo wamekwisha kupita katika hukumu.

Mwaka B ukifika, mhubiri asiogope kuifungua Biblia na kuwasimulia watu sura nzima, tangu aya ya 1 hata ya 11, pamoja na upanga na ile miji miwili. Ni kazi ya dakika tatu.