Kutoka na Kutoa

Mpwa wangu anaishi Kisarawe, nami Kibaha. Mimba tatu zimemtoka, zote kabla ya mwezi wa tano. Alipokuja kunijulia hali, akiisha kuniamkia na kunywa maji, aliuliza: "Mjomba, daktari kasema hata ya nne yaweza kutoka. Nikijua hivyo na nikabeba, si nimeitoa mwenyewe?"

Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kujibu maswali ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Siku ile sikujibu. Alipoondoka niliutoa kabatini waraka wa Papa Paulo VI, Humanae Vitae, wa tarehe 25 Julai 1968, nikausoma upya, safari hii bila kalamu nyekundu mkononi.

Kiswahili chetu kina sehemu ya jibu. Mimba hutoka, mtu huitoa. Herufi moja ikidondoka, msiba unageuka kosa. Ndiyo tofauti ileile wanayoishikilia wanamaadili wa Kikatoliki: kuna jambo unalolikusudia, na kuna jambo unaloliona linakuja nawe hulitaki. Fungu la 15 la waraka linaitumia waziwazi. Tiba ya ugonjwa inaruhusiwa hata ikijulikana kuwa itazuia uzazi, mradi kuzuia huko siko kunakokusudiwa. Kwa kipimo hicho mpwa wangu hakutoa kitu, wala hatakuwa ametoa akijaribu tena. Kama kuijua hatari tu kungekuwa kosa, nani angezaa? Katika kila mimba 100 zilizokwisha kutambulika, 10 hadi 20 hivi huharibika.

Hapo sina ugomvi na waraka. Nina ugomvi na mahubiri. Katika vigango nilivyosali nimesikia mara nyingi nusu ya fundisho: zaeni, mengine mwachieni Mungu. Nusu ya pili imo katika fungu la 10: wenzi wanaopima hali ya mwili, ya nafsi, ya uchumi na ya jamii, kisha kwa sababu nzito wakaamua kutoongeza mtoto kwa muda fulani au kwa muda usiojulikana, nao wanatimiza wajibu wao. Hata Papa Pius XII aliwaeleza wakunga wa Italia jambo la namna hiyo, Oktoba 1951. Mpwa wangu hakuwahi kuambiwa. Kwa hiyo alibanwa kati ya hofu mbili: akijaribu ameua, akiacha ameasi.

Lakini hata waraka wenyewe una pengo. Kanisa linafundisha kwamba kiumbe kiheshimiwe kama mtu tangu kutungwa mimba. Ikiwa ni hivyo, je, uwezekano wa kumpoteza huyo mtoto ni miongoni mwa zile sababu nzito? Na hatari ikifika wapi ndipo iwe nzito: moja kati ya mbili, au tisa kati ya kumi? Mwaka 2006 mwanafalsafa Luc Bovens alidai kwamba hata wanaofuata kalenda huenda wanapoteza viumbe wengi, kwa kuwa mimba inayotungwa pembezoni mwa siku za rutuba ni dhaifu zaidi. Hesabu yake imejengwa juu ya makisio, siikubali. Ila swali lake ni lile la mpwa wangu, limevaa suti tu. Waraka unawaachia wenzi wapime wenyewe, na naona ni sawa. Kosa ni kutosema kwa sauti kwamba wameachiwa. Tena kalenda inataka mume anayekubali kungoja, na mwili ambao baada ya msiba hauhesabiki kirahisi. Walioandika hayo hawakuwahi kuhesabu siku zao wenyewe.

Nilikwenda Kisarawe Jumamosi iliyofuata. Niliwaambia wote wawili: hamkutoa, kujaribu si dhambi, kupumzika si dhambi, kwanza rudini hospitali mkapimwe nyote, maana sababu nyingine zina tiba. Mume alikaa kimya, kisha akauliza kama mama yake naye angeweza kuelezwa, kwani ndiye anayesema kwa majirani kwamba mkwe wake "anazitoa".

"Mwambie wewe, Mjomba," mpwa wangu akasema. "Mimi nimechoka kueleza."

Mama mkwe alikuwa uani, anachambua mchicha. Nikachukua kigoda, nikamfuata.