Kuazimana Macho

Kati ya starehe ambazo mwanadamu aweza kuziandama pasipo kumdhulumu jirani wala kuiaibisha aila yake, chache zastahili sifa kama kupiga picha za maumbile kwa ridhaa: kazi isiyo mshahara, isiyo bwana, isiyo saa ya kuanza ila ile iliyopangwa na jua, na ambayo ujira wake wote umo katika kuitenda. Namnena mtu ambaye siku za kazi ni karani, mwalimu, mkunga au muuza duka, na siku ya mapumziko huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akatia kamera begani, akampitia mwenzake mlangoni, wakashika njia ya pwani au ya mlimani kwenda kutazama kitu ambacho hakuna aliyewatuma kukitazama. Watu hawa wamo Unguja na Mombasa, Tanga na Moshi, na aghalabu majirani huwaona kuwa wamekosa shughuli. Nia yangu ni kuwatetea, na hasa kuutetea ule udugu wao, ambao naona ndio nusu bora ya ufundi wenyewe.

Asili ya ufundi huu iko upande wao. Mwanzoni mwa karne ya 11 Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyemalizia umri wake Misri, aliandika katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi nuru kwenda kuvipapasa vitu, kama walivyodhani wengi wa wanafalsafa wa Kiyunani, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la mahali penye giza, akaona kila taa imeweka doa lake ndani. Alipoifunika taa moja, doa lake peke yake lilitoweka, na mengine yakabaki pale pale. Kamera ya leo, hata ile iliyomo katika simu ya mkononi, ni chumba kile kile cha giza kilichopunguzwa kimo. Kilichosalia kutafutwa kilikuwa dawa ya kuizuia taswira isitoroke, na waliokitafuta hawakuwa watu wa kusubiri mteja. Mfaransa Nicéphore Niépce, aliyekuwa akifanya majaribio yake nyumbani, aliielekeza kamera dirishani karibu na mwaka 1827 akaiacha kwa saa nyingi, hata jua likaziangaza kuta za pande zote mbili. Na picha ile yenye ukungu, ya mapaa na majengo ya shambani, ndiyo kongwe kuliko zote za kamera zilizosalia duniani. Mwingereza William Henry Fox Talbot naye aliingiwa na wazo hilo mwaka 1833 kando ya ziwa Como, Italia, kwa kuwa alitamani kuchora mandhari na mkono wake ukamkatalia. Basi tangu mwanzo palikuwapo mtu, palikuwapo mandhari, na palikuwapo shauku ya kukaa nayo muda mrefu zaidi kuliko safari ilivyoruhusu.

Wako wasemao kwamba hapa hapana ufundi, maana mashine ndiyo itendayo yote. Na aseme hivyo aliyekwisha kumpiga picha yangeyange juu ya tope la mikoko. Mashine hupima nuru ya mahali pote kwa jumla, ikakuta weusi wa tope umetawala, ikadhani kuna giza, ikaongeza nuru. Na yule ndege, ambaye weupe wake ulikuwa unyoya juu ya unyoya, hutoka mtupu kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mjuzi huukataa ushauri huo, akapunguza nuru mpaka manyoya yarudi, akaliacha tope lizidi weusi wake. Kadhalika tundu la lenzi. Tundu la 16 ni dogo kuliko la 4, kwa sababu hesabu yenyewe ni mgawanyo, na kadiri tundu linavyozidi kuwa jembamba ndivyo mgawanyo unavyokua. Tundu dogo huonyesha kwa ukali mzizi ulio miguuni pamoja na ngalawa iliyo upeo wa macho, lakini hudai muda mrefu wa kuipokea nuru, na muda mrefu hudai stendi ya miguu mitatu, na stendi hudai upepo uliotulia. Kila faida hapa ina kodi yake, na kuamua ni kodi ipi ilipwe ni kazi ya moyo na akili, ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitia ndani ya sanduku.

Nuru ya nchi zetu, tena, ni mwalimu asiyerudia somo. Kaskazini mwa Ulaya, siku za kiangazi, jua huteremka kwa mshazari, likamgawia mpiga picha jioni ndefu ya kuchagua na kubadili nia. Lakini Unguja, iliyo karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua huchomoza na kuchwa karibu wima, na tangu litoweke mpaka giza liingie ni dakika 20 na ushei. Mapema Machi, na tena mapema Oktoba, hupita utosini wakati wa adhuhuri hata kivuli cha mnazi kikajikusanya shinani. Na juu ya saa ya jua iko saa ya maji. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia kadiri ya mita 4, na maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, yakapwa karibu na saa 4. Hivyo jua linapochomoza bahari huwa imo katika kuondoka, ikiyafunua mafungu ya mchanga moja baada ya moja. Kila siku ipitayo mambo hayo huchelewa kwa dakika zipatazo 50, na baada ya juma moja, maji yakiwa mafu, alfajiri ile ile hukuta pwani nyingine kabisa. Mvuvi huijua hesabu hii kwa ajili ya dema na wavu, na mama wa mwani huijua kwa ajili ya shamba lake. Mpiga picha hana budi kwenda kwao kujifunza, na katika kujifunza huko hupata adabu ambayo kitabu cha kamera hakiifundishi.

Hapo ndipo faida ya mwenzi inapodhihiri. Nina sahibu yangu, fundi wa kushona, ambaye hutoka naye mara kwa mara kwenda Chwaka. Alfajiri moja ya bamvua nilikuwa nimeielekeza lenzi yangu ng'ambo ya ghuba, kwenye rasi ya Michamvi, linakochomoza jua, nikifurahia mawingu yaliyoanza kuiva. Yeye alikuwa amelipa jua kisogo, magoti chini, ameinamia mchanga uliolowa. "Hebu geuka, bwana," akaniambia. "Jua lenyewe umekwisha kuliona, tazama linachokifanya." Nikageuka. Maji yalipoondoka yalikuwa yameacha vijifereji visivyo idadi, na kila kimoja kimebaki na maji yake kidogo. Ubavu wake uliokabili macheo ulikuwa na rangi ya waridi, na ubavu wa pili, ulioelekea mbingu ya magharibi, ulikuwa bado na buluu ya usiku. Rangi zile mbili zilikaa bega kwa bega kwa kitambo kifupi, kisha mwanga ukapanda na mchanga ukarudi kuwa mchanga. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na laiti nywele hizo zingefanana, kutembea wawili kungekuwa hasara ya nauli.

Sehemu ya pili ya udugu huu hufanyika barazani. Picha zilizosafishwa, au zilizomo katika simu, hupitishwa mkono kwa mkono, na desturi njema ni mwenye picha kunyamaza huku wenziwe wakisema kwanza jicho lao lilikwenda wapi, kisha lilinaswa na nini njiani: tawi lililoingia pembeni bila kualikwa, upeo wa bahari ulioinama, anga tupu lililokula nusu ya karatasi. Kusema hivyo kwataka insafu na kuyasikia kwataka moyo mpana, kwani husuda huingia katika kila ufundi, na aliyenunua lenzi ya thamani huweza kudhani amenunua na macho. Lakini baraza iliyo nzuri huishinda tabia hiyo: lenzi ya thamani huazimwa, siri ya saa na mahali hufundishwa, na kijana wa hirimu ndogo husikilizwa kama mzee.

Siri moja tu haitangazwi ovyo, nayo ni ya kiota. Maadili ya kazi hii yasema kwamba kiumbe kina haki iliyotangulia picha yake, kwa hiyo ndege aliyelalia mayai hakaribiwi hata akaruka, tawi linaloficha makinda halikatwi, na kima punju wa Jozani, ambaye asili yake haipo penginepo duniani ila Unguja na visiwa vyake vidogo, halishwi ndizi ili asimame vizuri. Mtu akiwa peke yake jaribu la kupiga hatua moja zaidi ni kubwa; akiwa na mwenzi, haya humshika mkono.

Tena picha hizi za ridhaa zina ushahidi ambao wenyewe hawakuukusudia. Tangu mwaka 1912 hadi mwanzoni mwa karne hii, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imekwisha, na jambo hilo lilijulikana kwa kulinganisha ramani na picha za nyakati mbalimbali. Mkazi wa Moshi aupigaye picha mlima huo kutoka mahali pamoja kila mwaka, asubuhi kabla mawingu hayajaupanda, anaandika tarikh bila wino, na wajukuu wataisoma.

Kwa hiyo atakaye kuanza asingoje kamera ya fedha nyingi. Achague mahali pamoja palipo karibu, apaendee na kurudi, mvua na kiangazi, kusi na kaskazi; atafute mwenzi asiyefanana naye kwa tabia; na picha atakazopata, nzuri kwa hafifu, azipeleke barazani, kwa sababu picha isiyoonyeshwa imemfundisha mtu mmoja tu.