Sifa za Motakaa za Zamani

Wasomaji wa upande wetu wa Same wamekwisha kuzisikia sifa hizi, nami nimezisikia mara nyingi pale stendi: ya kuwa motakaa za zamani, hasa Ford na Chevrolet za Marekani, zilikuwa chuma hasa, na hizi za leo ni bati tupu. Msemaji hupiga kiganja juu ya boneti ya gari jipya, nalo hulia kama debe, watu wakacheka. Maneno yakirudiwa hivyo huwa kama utenzi uliokwisha kupata beti zake. Basi yafaa tuyapime kama tupimavyo utenzi: lipi ni kweli, na lipi ni kibwagizo tu?

Kweli imo. Ford ya namna iitwayo Model T ilianza kutengenezwa mwaka 1908, na hata ilipokoma mwaka 1927 zilikuwa zimetoka zaidi ya 15,000,000. Ilikuwa nyepesi, tena imeinuka juu ya ardhi, ikaweza kupita penye mawe na makorongo. Mtu mwenye spana chache na koleo aliifungua na kuifunga tena kando ya njia. Petroli yake haikusukumwa na pampu, bali ilishuka yenyewe kutoka tangini, kama maji yashukavyo kutoka ndiva kwenda shambani. Lakini hapo ndipo ilipokuwa na aibu yake. Penye mwinuko mkali, petroli ikiwa kidogo, haikuifikia injini. Basi dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Wanaoijua njia ya kupanda Mamba na wapige picha moyoni! Jambo hili msifu wa stendi halitaji kamwe.

Wala si kila chuma cha Marekani kilichofaa njia zetu. Mwaka 1964 motakaa za Mercury Comet zililetwa kushindana katika mbio za East African Safari. Aliyeshinda ni Peter Hughes, naye aliendesha Ford Cortina, gari dogo lililotengenezwa Uingereza.

Ubeti wa pili wasifu viwanda vyenyewe, na vijana waliokwisha kuona picha za Detroit huuimba kuliko wazee. Yasemwa ya kuwa kazi ilikuwa kazi siku zile. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Ford cha Highland Park, magari yalianza kupitishwa mbele ya wafanyakazi, kila mtu akitenda tendo lake moja. Gari lililotaka zaidi ya saa 12 kuunganishwa likawa tayari kwa kadiri ya saa 1 na nusu. Lakini watu walichoka kukaza skurubu ile ile tangu asubuhi hata jioni, wakaacha kazi makundi makundi, hata Januari 1914 ikambidi Bwana Ford kutangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Hakuwapa kwa ukarimu tu, walikuwa wakimkimbia.

Walakini Mwamerika akikililia kiwanda hicho simcheki. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Mwaka 2020 hawakufika 640,000, na Julai 2013 mji wenyewe ulitangaza kufilisika. Anayelia pale alilia ujira wa baba yake na nyumba aliyozaliwa. Kilio chake kina kaburi. Sisi je, twalia kaburini kwa nani?

Nauliza hivi kwa kuwa kaburi letu lipo, tena hatulizuru. Kabla ya gari lo lote kupanda milima hii, Wapare walikuwa wakiyeyusha chuma. Walizoa mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakautia tanuruni pamoja na makaa, wakavukuta mivukuto hata madini yakajitenga na takataka. Wahunzi wakuu walikuwa Washana wa Ugweno. Na kwa masimulizi aliyoyaandika Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969, Washana ndio waliotawala huko kabla Wasuya hawajawaondoa. Fikiri, mhunzi kuwa mtawala! Chuma chao kiliwafikia Wachaga, nao hawakuwa na chuma chao wenyewe. Kisha majembe na nyaya za Ulaya zikaja zikiwa tayari, na matanuru yakapoa. Sijapata kumsikia mtu stendi akiyasikitikia.

Hili ndilo kosa nilionalo katika sifa zile: zasifu chuma, zamruka mhunzi. Nadhani wazee hawaitamani Marekani hata kidogo. Watamani kitu ambacho mkono wa mtu waweza kukielewa, kwa kuwa gari la leo likigoma, fundi hana budi kuleta kompyuta ili aambiwe ugonjwa wake. Hayo wangeyasema wazi ningekaa kuwasikiliza mpaka jioni. Lakini wasema "chuma", kisha wanyamaza.

Na wahunzi bado wapo. Mmoja wao huchukua springi ya lori lililokufa, akaitia motoni, akaifua hata ikawa panga. Haulizi kama ilitoka Detroit au Japani. Huigonga kwanza kwa nyundo, akatega sikio.